Picha ya Jicho Niliyotembea Nayo Miezi Minne

Mwanafunzi wangu ndiye aliyenishikia usukani siku niliyofumba macho barabarani.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na minne nimekaa kushoto kwa watu wanaotetemeka, nikiwa na breki yangu ya pili mguuni. Kazini wananiita Breki, maana mguu wangu huwa unafika kabla mwanafunzi hajajua kuna hatari.

Siku hiyo mwanafunzi alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miaka sitini na mbili. Alikuwa hajui kuingia kwenye mzunguko wa barabara, nikamwambia tubadilishane viti nimwonyeshe.

Nikashika usukani. Upepo ukaingia dirishani. Upepo wa kawaida tu, hata nywele hautikisi.

Macho yakawaka.

Nikafumba. Nikajiambia ni sekunde moja tu. Sekunde ikapita, kope zikagoma kufunguka, na gari linaenda.

"Mwalimu," nikasikia sauti yake, tulivu kabisa, "toa mguu kwenye mafuta."

Nikatoa. Mkono wake ukaja juu ya usukani, mwingine ukavuta breki ya mkono. Gari likapanda ukingo wa barabara, likakohoa, likazima. Nyuma watu wanapiga honi kama tumeua mtu.

Hakunifokea. Aliniangalia nilivyofunika uso kwa viganja, akaniuliza kama anavyoulizwa mama aliyefika wodini.

"Yameanza lini?"

"Mwaka mmoja na miezi mitatu."

"Na kila siku?"

"Kila siku, mama."

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Ilianza kama macho makavu. Unajua ile hali ya kuamka na kuhisi kope zimekwaruza jicho? Nikaenda zahanati, nikapewa machozi ya chupa. Nikadondoshea wiki mbili. Hamna kitu.

Daktari wa pili akaniwekea vikaratasi kwenye kope za chini, apime machozi. Akasema machozi yamepungua kidogo, si ya kutisha.

Wa tatu akanitia rangi ya njano machoni, akanimulika na taa ya bluu, akazungusha vioo vyake. Halafu akaegemea kiti.

"Bwana, jicho lako safi kama la mtoto mchanga."

"Lakini yanauma, daktari. Yanachoma kama nimekata kitunguu na pilipili, nikajifuta kwa mkono huohuo."

"Labda una mawazo."

Nilikuwa nayo kweli. Nilikuwa na wazo moja tu, kwamba macho yanauma.

Basi neno "safi" likanifuata kila mahali. Shule ya udereva ni ya kaka yangu mkubwa. Akiniona na miwani nyeusi asubuhi anasogea karibu, ananitazama machoni.

"Mdogo wangu, wekundu uko wapi? Mimi naona meupe kuliko yangu."

Wanafunzi walidhani ni pombe za jana. Mmoja aliniomba nimpeleke baa ninayokunywa. Nilicheka naye, nikaenda kuinamia sinki la chooni nikijimwagia maji.

Nyumbani ndiko kulikoniuma zaidi.

Mama watoto anawasha feni, mimi nazima. Anafungua pazia, mimi nafunga. Anasimulia habari za kazini kwake, mimi nimefumba macho. Yeye anaona mtu asiyetaka kusikiliza. Mimi nilikuwa nasikiliza kila neno, ila ukiwa umefumba macho mbele ya mtu anayekusimulia jambo, utamweleza nini akuelewe?

Siku moja akafunga begi. Akachukua mabinti zetu wawili, akaenda kwa dada yake.

"Sijaondoka," alisema akiwa mlangoni. "Napumzika tu. Kuishi na mtu aliyenuna mwaka mzima kunachosha."

"Sijanuna. Naumwa."

"Madaktari watatu wamesema huumwi."

Akaenda.

Wenzangu, nyumba ikinyamaza inakuwa na sauti zake. Nilijua jirani wa juu ameamka kwa kusikia bomba lake. Nilijua ni saa saba mchana kwa kusikia taarifa ya habari ya jirani wa chini. Nikaanza kuaga nikitoka, "Haya, naenda," na ndani hamna mtu.

Nikirudi nakaa sebuleni, pazia limefungwa, kitambaa cha maji baridi usoni. Simu siwezi kuiangalia zaidi ya dakika mbili. Televisheni ndiyo kabisa. Mabinti wakipiga tunaongea dakika tano, halafu wanaanza kuitana wao kwa wao huko waliko, mimi nabaki nimeshika simu.

Hapo ndipo nilipokuwa siku ya ule mzunguko.

Kaka aliposikia, alinyoosha mkono.

"Leta funguo."

Nikampa.

Mkunga ndiye aliyeniokota, sina neno lingine. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye hospitali kubwa, akajua kliniki ya macho ya pale wameleta darubini mpya. Kesho yake alikuja kunichukua, tukaenda.

Daktari wa kliniki ile alikuwa mwanamke mpole, anaongea taratibu. Akarudia vipimo vyote, vikaratasi, rangi, taa ya bluu. Mwisho akasema:

"Sioni kitu."

Nikaanza kusimama.

"Kaa, sijamaliza. Sioni kitu kwa chombo hiki. Kwa hiyo nitatafuta kwa kingine."

Akanieleza. Ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, konea, imejaa mishipa ya fahamu, myembamba kuliko unywele. Ndiyo maana hata kope moja ikiingia jichoni unaruka. Wakati mwingine mtu ana ukavu mdogo na maumivu makubwa, na ukichungulia kwa taa ya kawaida huoni sababu, kwa sababu iliyoumia ni mishipa yenyewe. Ile darubini inaipiga picha ukiwa umekaa kitini, bila kukatwa popote.

Nikapelekwa chumba cha pili. Mtaalamu wa picha, kijana mtulivu aliyevaa koti jeupe, akanitia tone la ganzi.

"Likishika hutasikia kitu tena," akasema. "Yamepoa?"

Hayakuwa yamepoa. Moto ulikuwa palepale. Ganzi ilishika juu, nilijua kwa sababu aligusa jicho nisihisi kidole, lakini mle ndani kunaungua vilevile.

"Ndiyo, yamepoa," nikasema.

Msiniulize kwa nini nilidanganya. Mwaka mzima naambiwa naigiza. Ganzi inamfanyia kazi kila mtu, mimi tena nianze kusema yangu haifanyi?

Akaweka mafuta mazito kama jeli, akasogeza ncha ya darubini mpaka ikaligusa jicho. Nikatazama nukta ya mwanga. Katikati ya kazi umeme ukakatika, ukarudi. Akawasha mashine upya, akaendelea.

Baada ya saa moja daktari akaniita. Kwenye kompyuta akaweka picha mbili.

"Hii ni ya mtu mwenye afya."

Nikaona mistari mirefu myeupe kwenye giza, imelala sambamba kama barabara ukiwa juu ya ndege.

"Na hii ni ya kwako."

Vipande. Mistari michache, imekatika katikati, mingine imeishia kwenye vifundo vilivyovimba.

"Mishipa imeumia, na inapojaribu kuota upya inaota vibaya," akasema. "Hivi vifundo vinapiga kelele hata pasipo sababu. Pole sana. Lazima yalikuwa yanauma."

Lazima yalikuwa yanauma.

Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniambia sentensi hiyo. Nililia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu, na machozi yenyewe yakachoma.

Nikaomba anitolee nakala. Akachapa kwenye karatasi ngumu, nikaitia kwenye mfuko wa shati.

Nikaenda moja kwa moja kwa kaka. Akavaa miwani yake ya kusomea, akaitazama picha muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kumbe," akasema. Hilo tu. Jioni akaja nyumbani na kofia yenye ukingo mpana, akaiacha mezani bila maelezo. Kwa kaka yangu, huko ni kupiga magoti.

Mama watoto nilimtumia picha kwa simu. Jumapili nikasikia ufunguo mlangoni. Mabinti wakaingia wakikimbia, yeye nyuma na lile begi.

"Nisamehe, baba watoto."

Picha ikabandikwa kwenye mlango wa friji. Kila mgeni akija anaonyeshwa. Shemeji zangu walisimama pale wakitingisha vichwa. Feni ilizimwa bila mimi kusema. Nilikuwa sasa mgonjwa mwenye cheti.

Mimi mwenyewe nikitoka naibandua, naitia mfukoni. Mtu akiuliza kuhusu miwani, natoa. Ilichakaa pembe kwa kutolewa na kurudishwa.

Matibabu yakaanza. Nilitolewa damu, wakatengeneza matone kutokana nayo, nikawa nayaweka kwenye friji na kudondoshea mara nane kwa siku. Daktari alisema yanasaidia mishipa kuota vizuri.

Mwezi wa kwanza, hamna nafuu. Wa pili, hamna. Wa tatu.

"Unaendeleaje?" mama watoto anauliza.

"Afadhali."

Ningesemaje? Watu wamerudi, nyumba ina kelele tena, watoto wanagombania rimoti. Niseme dawa haifanyi kazi ili waanze kunitazama upya? Nikawa naumia katikati ya watu wanaonipenda, na hawajui. Upweke wa aina hii sikuwahi kuusikia. Ule wa kwanza angalau nilikuwa nalalamika kwa sauti.

Mwezi wa nne nikaitwa kupigwa picha tena.

Daktari akafungua picha mpya. Akaikuza. Mistari ilikuwa mirefu, imenyooka, imejaa.

"Imekuwa mizuri mno," akasema, lakini uso haukuwa wa furaha. "Mishipa haioti haraka hivi. Maumivu yameisha?"

Nikamtazama yule mama mpole, nikachoka kudanganya.

"Hayajapungua hata kidogo, daktari. Tangu siku ya kwanza."

Mtaalamu wa picha alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikamwona anainama, anafungua mafaili ya zamani, analinganisha. Akatoka, akarudi na daftari la foleni. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, halafu kwenye unaofuata.

"Umeme ulipokatika siku ile," akasema, "mashine ilipowaka ilihifadhi picha za huyu bwana kwa namba ya mgonjwa aliyefuata. Na za aliyefuata zikaingia kwa namba ya huyu bwana. Kosa ni langu. Sikuhakiki."

Daktari akanigeukia.

"Picha uliyonayo si ya jicho lako."

Mkono ukaenda wenyewe mfukoni. Nikaishika ile karatasi kwa nje ya shati.

Niseme ukweli wangu hapa, mnihukumu mtakavyo. Wazo la kwanza halikuwa kwa huyo mtu mwingine. Wazo la kwanza lilikuwa: mama watoto asijue.

La pili ndilo lililonifanya nione aibu.

"Mwenye picha hii yuko wapi?"

Daktari alishusha macho.

"Tulimwambia mishipa yake ni mizima. Nilimshauri apumzike, apunguze mawazo. Hakurudi tena."

Kompyuta ndiyo inavuma peke yake.

Kabla ya yote daktari alitaka kumaliza na mimi. Akaniuliza kuhusu lile tone la ganzi la siku ya kwanza. Nikamwambia ukweli, kwamba moto haukupoa.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa mngesema naigiza."

Akafunga macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa. Akanieleza kwamba neno lile moja lingemwonyesha njia. Ganzi ikishika juu na maumivu yakabaki, tatizo haliko kwenye ngozi ya jicho. Liko ndani zaidi, kwenye njia inayopeleka habari kwenye ubongo.

"Wewe ni mwalimu wa udereva," akasema. "Fikiria honi iliyokwama. Ukikagua barabara, hakuna kitu. Lakini honi inalia kweli, na kila mtu garini anaisikia. Maumivu yako ni ya kweli kama ya mwenzako. Ila yako hayapigiki picha."

Halafu akainua simu, akampigia huyo mwenzangu, akaweka spika.

Sauti ya mwanamke ikajibu. Daktari akajitambulisha, akaomba radhi, akamwomba arudi kliniki, kuna makosa yamefanyika.

"Mimi ni mzima," sauti ikasema. "Mliniambia wenyewe. Msinisumbue."

"Tulikosea, dada. Mgonjwa ambaye picha zenu zilibadilishana yuko hapa. Unakubali azungumze nawe?"

"Aseme."

Nikaisogelea simu. Sikuwa nimejiandaa na lolote.

"Dada, pole. Mimi si daktari. Ninafundisha gari. Nilikuwa ninafundisha." "Wewe ukiwa mbele ya feni unafanyaje?"



"Nalala nimegeukia ukutani," akasema. "Na kitambaa juu."

"Cha maji?"

"Cha maji."

"Na watu wakikuuliza?"

"Hawaulizi siku hizi." Sauti ikabadilika kidogo. "Mimi ni mkutubi. Nilipewa likizo ya lazima, nikapewa na barua ya kuonana na mshauri wa akili. Nina vitabu elfu sita pale, siwezi kusoma ukurasa mmoja. Nilipotoka hapo kwenu na majibu, nilifika nyumbani nikayatupa matone yote. Nikasema basi, kumbe kweli nimechanganyikiwa."

Daktari aliziba mdomo kwa mkono.

"Hujachanganyikiwa," nikamwambia. "Jicho lako ninalo mimi hapa mfukoni. Miezi minne nimewaonyesha watu wote ninaowajua. Hakuna aliyeliangalia akabisha."



"Kwa hiyo miezi minne hii," akasema taratibu, "wewe ulikuwa unaaminiwa kwa jicho langu."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nimeitwa mwongo kwa jicho lako."

Nikaitoa ile karatasi mfukoni, nikaiweka kando ya simu.

"Nitakuja Alhamisi," akasema.

Nilifika nyumbani, nikamkuta mama watoto sebuleni, na kaka amepita kusalimia. Nikaweka picha mezani, nikawaambia yote bila kupunguza. Umeme, daftari, mkutubi, na zile "afadhali" zangu za uongo.

Kaka ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo macho yako ni mazima."

"Yanauma, kaka."

"Lakini mishipa ni mizima. Daktari kasema." Akainuka, akanipiga bega. "Hiyo ni habari njema, mdogo wangu. Tukupange Jumatatu?"

Akaaga, akaenda zake, na nadhani mpaka leo anaamini alinifariji.

Mama watoto alikuwa ameishika picha kwa vidole viwili.

"Mimi nilirudi kwa sababu ya hii," akasema. "Nisikudanganye."

"Najua."

"Ningejua si yako, nisingerudi."

Hilo nalo nilikuwa nalijua, ila kulisikia ni kitu kingine. Nikasubiri ainuke aende chumbani kufunga begi.

Hakuinuka.

"Yanaumaje?" akauliza.

"Nini?"

"Macho. Mwaka na miezi mingapi sijui, nimekuuliza kama yanauma, kama yamepona, kama umekunywa dawa. Sijawahi kukuuliza yanaumaje."

Nilianza kumweleza, nikakwama, nikaanza upya. Kumbe hata mimi sikuwa na maneno yake. Nilikuwa nimezoea kutetea kwamba yapo, sijawahi kusema yakoje. Tulikaa pale mpaka mabinti wakarudi kutoka kucheza. Hakushika mkono wangu, hakulia. Aliuliza, akasikiliza, akauliza tena.

Alhamisi nikampelekea mkutubi picha yake. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, miwani nyeusi, kofia. Tulikaa kwenye benchi la kliniki, watu wawili tunaokwepa dirisha. Akaipokea, akaisogeza karibu, akaitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Umeichakaza," akasema.

"Samahani."

"Hapana. Angalau mtu alitembea nayo."

Sasa ni mwaka mmoja tangu siku hiyo. Yeye matone ya damu yamemsaidia, anasoma kurasa kumi kwa siku, anazihesabu. Kazini amerudishwa, barua ya kumwomba radhi hajapata. Mimi nameza vidonge vya mishipa. Moto umeshuka, haujazimika. Gari siendeshi. Kaka amenipa darasa la alama za barabarani, nafundisha nikiwa na kofia yake kichwani, na kila Jumatatu ananiuliza kama niko tayari kurudi barabarani.

Mkutubi hunipigia Jumapili mchana. Mara nyingi hatuna cha kusema. Kila mtu yuko kwake, pazia limefungwa, simu iko sikioni. Anauliza, "Leo?" Namjibu. Namuuliza, "Na wewe?" Ananijibu. Basi.

Wewe unayesoma hapa, macho yako yakiwa yanakuruhusu kusoma mpaka mwisho, nina moja tu la kukuachia. Darubini ni kitu chema, na aliyeileta abarikiwe, maana dada yule isingekuwepo angekufa akijiita mwendawazimu. Lakini mimi nilipendwa miezi minne kwa karatasi ya mtu mwingine, na mtu mwingine akaachwa miezi minne kwa karatasi yangu, na maumivu yetu muda wote huo hayakubadilika hata kidogo.

Mtu wako akikwambia anaumwa, usimwambie alete picha kwanza. Muulize inaumaje. Halafu kaa, asikie kwamba hujainuka.